Naenda Seoul kufuata mzigo, nitakula nini?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi nauza vipodozi vya Korea hapa Ngamiani, Tanga, na mwezi ujao naenda mwenyewe Seoul kufuata mzigo, nitabaki na siku moja ya kuzurura. Nasikia kuna mtaa wa kizamani unaitwa Insadong, unafaa? Alafu mimi Muislamu, wenzangu wananitisha eti kule kila sufuria ina nguruwe. Nibebe unga wangu?
Mama Wawili, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Unga uache nyumbani bwana, kilo zako za begi utazihitaji wakati wa kurudi.

Insadong nenda asubuhi, ila nenda kwa macho na chai, sio kwa njaa. Huo mtaa ulishika biashara ya vitu vya kale enzi Wajapani wanaitawala Korea, familia za wenye vyeo zilifilisika zikawa zinauza vyombo na michoro ya mababu, na mpaka leo utakuta brashi za kuandikia, vyungu na karatasi za hanji zinazotengenezwa kwa magome ya mforsadi. Kuna na jengo la Ssamziegil, la 2004, halina haja ya ngazi, unapanda tu kwa kuzunguka huku maduka yako pembeni. Ila geuza kitu uone chini kabla hujalipa, vingine vimetoka China na China si ungeagiza ukiwa hapo hapo Tanga! Bei za madukani wengi hawashushi. Chai kanywe ya daechu, ni ya kunazi, nzito na tamu, au ya omija, tunda dogo, ile nyekundu.

Tumbo sasa lipeleke soko la Gwangjang, lipo tangu 1905. Shuka kwenye mto Cheonggyecheon ufuate maji kuelekea mashariki, kwa miguu tu unafika. Hapo ndo kuna bindaetteok, choroko zinasagwa kwenye jiwe mbele yako alafu zinakaangwa kwenye mafuta mengi, yani ni bajia iliyolala chapa, ila uliza kwanza maana wengine wanaweka nyama ya nguruwe ndani. Sema "dwaejigogi?", yani nyama ya nguruwe, huku unaonyesha kidole, akitikisa kichwa kukubali we pita. Sundae usiiguse kabisa, ni utumbo wa nguruwe umejazwa damu na tambi, jina lisikudanganye ukadhani aiskrimu. Mandu nazo, vile vifuko vya unga vya kujaza nyama, mara nyingi zina nguruwe. Na ukiona kinywaji cheupe kama maziwa kwenye bakuli, hiyo ni makgeolli, pombe ya mchele, watakukaribisha kwa moyo mweupe we shukuru tu.

Tteokbokki, zile nyekundu za kwenye tamthilia, ni vipande vya unga wa mchele kwenye rojo la pilipili, supu yake kwa kawaida ya dagaa wakavu, zinavutika mdomoni na mimi sizioni za ajabu kiviile. Hotteok ndo nakusihi, mkate wa kukaanga una sukari guru, mdalasini na karanga ndani, uache upoe kidogo maana ile sukari inaunguza ulimi.

Ukitaka kula nyama bila wasiwasi panda treni uende Itaewon, kuna msikiti mkuu wa Seoul uliofunguliwa 1976 na mitaa ya jirani ina mahoteli ya halali kibao. Kaswali hapo hapo ule ushibe, na noti ndogo ndogo za won usikose mkononi, wauza vyakula wengine kadi hawataki.