MKV au MP4? Hivi ndivyo navyopanga video za nyumbani kwenye seva

Hili swali naulizwa sana na watu walioanza kufunga Jellyfin au Plex nyumbani (programu za seva za kurusha video zako kwenye tivi na simu), kwamba maktaba yote niiweke MKV au MP4, na wengine wanakuja kuuliza wakati laptopu imeshakesha inakonveti mafaili ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Msimamo wangu ni huu: vya kutunza viende MKV, vya kurushiana kwenye simu viwe MP4, na faili ambalo tayari linacheza fresh kwenye tivi yako liache lilivyo. Sasa tuingie ndani maana shida ziko kwenye vitu vidogovidogo.

Kwanza tuelewane, .mkv na .mp4 ni kontena tu, yaani boksi la kubebea vitu. Ndani yake ndo kuna picha iliyobanwa kwa kodeki fulani, yaani njia ya kubana (H.264, HEVC, MPEG-2, AV1), kuna sauti (AAC, AC3, DTS, MP3) na sabtaito (maandishi ya chini) kama zipo. Kwa hiyo mtu akikwambia MKV ina picha kali kuliko MP4 muitikie tu yaishe, picha ileile ya H.264 unaitoa kwenye MKV unaiweka kwenye MP4 na haibadiliki hata chembe. Kuhamisha kontena ni kazi ya dakika chache, diski tu ndo inafanya kazi. Kukonveti kodeki ni masaa, prosesa inachemka, na ubora unaopotea pale haurudi tena.

Seva yangu mimi ni laptopu ya mtumba, i5 ya kizazi cha 6, zile zilizotoka maofisini ukienda Kariakoo zimejaa, nimeweka Linux na Jellyfin, diski za nje zimechomekwa USB. Nataja kizazi kwa sababu kina maana: chipu ya Intel ya kizazi cha 6 inafungua HEVC ya biti 8 (rangi za kawaida) bila kutoa jasho, ila ya biti 10 vizuri unataka kizazi cha 7 kwenda juu. Kwa mashine kama hii lengo lote ni seva isifanye kazi, yaani itoe faili kwenye diski iipelekee tivi kama lilivyo, tivi yenyewe ifungue. Ukiona seva inaanza kutranskodi, yaani kukonveti papo hapo wakati mnaangalia, ujue kuna kitu ndani ya kontena tivi imekikataa, na mara nyingi utalaumu picha kumbe ni sauti au sabtaito, nitarudi hapo.

Tuanze na DVD za harusi maana kila ukoo unazo kabatini. Ukifungua diski unakuta folda la VIDEO_TS na ndani mafaili ya VOB (ndo video yenyewe) yamekatwa vipande vya GB 1 kila kimoja, VTS_01_1, VTS_01_2 na kuendelea. Ukivikopi vile vipande peke yake kwenye seva vinatokea kama video nne tofauti, maharusi wanaanza kuingia ukumbini kwenye faili moja wanamalizia kuingia kwenye faili lingine. Mimi natumia MakeMKV, inaunganisha vyote inatoa MKV moja, picha ni ileile MPEG-2 ya mistari 576, haijakonvetiwa. Ukubwa unabaki karibu uleule wa diski, GB 4 na kitu. Kuna watu watakushauri uibane iwe HEVC upate nusu ya hapo au chini zaidi, kwa muvi ya kawaida sawa, lakini kwa harusi ya wazazi wangu hapana aisee. DVD za kuchoma zinakwaruzika, nyingine zinakataa tu zenyewe bila hata mkwaruzo, hiyo kopi uliyotoa inaweza kuwa ndo ya mwisho iliyobaki, na diski ya TB 1 inaingia harusi zaidi ya 200 za namna hiyo, sasa unabana nafasi ya nini.

Halafu MKV ina sura, yaani alama za kurukia sehemu ya video. Kwenye MKVToolNix, programu ya kutengeneza MKV, unafungua sehemu ya kuhariri sura unaandika dakika na jina, nimeweka "Kuingia ukumbini", "Keki", "Ndafu", "Zawadi za wajomba", basi shangazi akija anaruka moja kwa moja kwenye ndafu bila kupitia hotuba za kamati. MP4 nayo inaweza kubeba sura, lakini MKVToolNix inatoa MKV tu, na kwenye hii kazi sijaona programu rahisi kuizidi.

Zile 3GP za simu za zamani ni kesi tofauti. 3GP ni ndugu wa MP4 kwa hiyo kontena lenyewe halina neno, shida ni vilivyomo, mara nyingi picha ya H.263 na sauti ya AMR, na hiyo AMR tivi nyingi hazina habari nayo. Hapa kukonveti ni lazima, picha iende H.264 na sauti AAC, video zenyewe ni ndogo sana hata mashine ya kizee inamaliza haraka. Ila 3GP asilia usifute, itupie kwenye folda lingine ambalo Jellyfin hailiangalii, inakula MB chache tu.

Rekodi za king'amuzi, ukichomeka flashi ukarekodi mechi au taarifa ya habari, zinakuja .ts. Kuna ving'amuzi vinafunga rekodi isicheze popote zaidi ya king'amuzi chenyewe, hizo achana nazo. Zisizofungwa zinacheza, lakini ukitaka kuruka kwenda mbele zinasuasua, maana TS ilitengenezwa kwa ajili ya kurushwa hewani, data imekatwa vipakiti vya baiti 188 na kila kimoja baiti 4 ni za anwani, na mbele ya faili hakuna faharasa ya kuiambia programu inayocheza video dakika ya 40 iko wapi. Buruta faili weka kwenye MKVToolNix, bonyeza kitufe cha kuanza, linatoka MKV linaloruka vizuri na limepungua ukubwa kidogo.

AVI ni ya Microsoft, tangu 1992, na umri unaonekana. Haina utaratibu wa maana wa kubeba sabtaito. Zihamishie MKV, ila usitegemee miujiza, kama ndani ni Xvid (kodeki ya zamani) na tivi yako haiitaki itaendelea kuikataa hata ukibadilisha kontena.

Sasa suala la umeme, ambalo waandishi wa nje huwa hawalitaji. Ukirekodi video kwenye kompyuta, mfano unahamisha kanda za VHS za zamani kwa OBS (programu ya kurekodi), MP4 ya kawaida inaandika faharasa yake (inaitwa moov) mwishoni kabisa ukishabonyeza stopu. Umeme ukikatika dakika ya 50 unabaki na faili la GB kadhaa ambalo hakuna kitu kinalifungua, data ipo lakini hakuna ramani ya kuisoma. MKV inaandika vipande vipande huku inaendelea, umeme ukikata unapoteza sekunde chache za mwisho, zilizobaki zinacheza. Kama hauna UPS (betri ya akiba) rekodi kwa MKV, kisha ukihitaji MP4 unaihamisha baadaye.

Turudi kwenye sauti. Malalamiko ya "muvi inacheza lakini haina sauti" kwenye tivi, asilimia kubwa ni DTS, tivi nyingi hazina leseni yake. Ukicheza kupitia Jellyfin seva itabadilisha sauti yenyewe, hiyo siyo kazi nzito, lakini ukiweka faili kwenye flashi ukachomeka kwenye tivi utaangalia midomo tu. Fungua faili na MediaInfo uone kuna nini, kisha kwa ffmpeg, programu ya kuandikia amri, badilisha sauti peke yake na picha usiiguse:

ffmpeg -i muvi.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k muvi-mpya.mkv

Hiyo -map 0 usiiache. Bila hiyo ffmpeg inachukua picha moja, sauti moja na sabtaito moja, zingine inazidondosha kimyakimya, utakuja kushtuka sauti ya Kiswahili haipo na faili la zamani ulishalifuta.

Sabtaito ndo muuaji wa kweli wa seva ndogo. Zile za maandishi, SRT, ni nyepesi mno. Zile za Blu-ray zinaitwa PGS, hizo ni picha, na kama tivi haizisomi basi seva inalazimika kuzichoma juu ya video, maana yake inatranskodi picha nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ndo hapo feni inaanza kuvuma na muvi inakata. Umekaa unalaumu waifai kumbe ni maandishi ya chini! Zima sabtaito, jaribu tena, ikicheza vizuri umeshajua mchawi nani. Mimi naweka SRT pembeni ya video, jina lilelile, mfano Safari ya Bibi (2014).mkv na Safari ya Bibi (2014).sw.srt, Jellyfin inaelewa hapohapo kwamba ni Kiswahili. Isevu kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi).

Na kwa wenye watoto, hapa MKV inapendeza sana. Katuni ikiwa na sauti ya asili na sauti ya Kiswahili, zote zinakaa faili moja, unachagua kwa rimoti. Ila treki nyingi zinakuja hazina lebo ya lugha, zinaandikwa haijulikani, na Jellyfin haiwezi kukisia. Weka lebo kwa mkvpropedit (ya MKVToolNix), ni sekunde moja kwa sababu inaandika kichwa cha faili tu:

mkvpropedit katuni.mkv --edit track:a2 --set language=swa --set flag-default=1

Hapo a2 ni treki ya pili ya sauti. Kama ya kwanza nayo imewekwa kuwa ya kuanza, iondolee kwa a1 na flag-default=0, kisha kwenye akaunti ya watoto ya Jellyfin chagua Kiswahili kama lugha ya sauti, mmemaliza ugomvi.

MP4 naitumia pale video inapotoka nje ya nyumba. MKV ukiituma WhatsApp itaenda kama dokumenti, na mwenye iPhone hataiona kwenye picha zake. Kama ndani ni H.264 na AAC:

ffmpeg -i klipu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c copy -movflags +faststart klipu.mp4

Hiyo faststart inahamisha ile moov kutoka mwisho kuja mbele, ukiiweka mtandaoni video inaanza kucheza kabla haijashuka yote. Kama ni HEVC na inaenda kwa mtu wa iPhone ongeza -tag:v hvc1, bila hiyo vifaa vya Apple vinagoma. Sabtaito za PGS haziingii kwenye MP4 kabisa, na SRT inabidi ubadilishe kwa -c:s mov_text. MOV zinazotoka iPhone mimi sizigusi, MP4 yenyewe imezaliwa kutokana na MOV na Jellyfin inazisoma bila shida.

Ukiwapelekea wazee kijijini kwenye flashi, angalia imefomatiwa nini. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, haijalishi ni MKV au MP4, na ile harusi itagoma kukopi ikifika mwishoni. Fomati exFAT au NTFS kama tivi yao inasoma, vinginevyo ikate na mkvmerge (nayo ya MKVToolNix):

mkvmerge -o harusi.mkv --split size:3900M harusi-nzima.mkv

Na kabla hujafuta faili lolote la asili, cheza jipya mwanzo, katikati na dakika tano za mwisho, uangalie mdomo wa MC unaendana na sauti. Kwenye AVI na TS sauti huwa inaachana na picha taratibu, mwanzoni hauoni kitu, unakuja kugundua kwenye kutoa shukrani MC ameshafunga mdomo na bado anaongea.