Ufa wa jiwe usiuandike: kwa wadogo zangu mnaoanza lishu, mwandiko wa kale wa Kichina wa brashi

Jumamosi nilimkuta mdogo wetu mmoja ameinamia nakala ya jiwe la maandishi la Zhang Menglong, anachimba kona za herufi kwa ncha ya brashi, anapaka na kurudia, mpaka karatasi ya xuan ikatoboka. Mdogo wangu, haya ni yako na wenzako.

1. Patasi si brashi. Kona zile kali za mawe ya Wei ya Kaskazini, ufalme wa kale wa China, zina mkono wa mchongaji ndani yake. Tafuta brashi ilipita wapi.

2. Ijue nakala yako ya wino, ile karatasi iliyobandikwa juu ya jiwe na kupigwa wino ichukue maandishi, imepigwa enzi gani. Hapa nisikilizeni vizuri. Mwaka wangu wa pili nilishika jiwe la Cao Quan, la mwaka 185 BK, lile lililofukuliwa Heyang enzi za Ming na sasa liko Beilin, makumbusho ya mawe ya maandishi huko Xi'an. Kitabu nilichonunua kilikuwa cha bei ya chini, nakala ya wino ya miaka ya baadaye. Mwanzoni kabisa, Mfalme Wu anapotajwa, kuna herufi qian, yaani "mbingu". Ubavu wake wa kushoto una kisanduku chenye umbo la herufi ya "jua". Kwenye kitabu changu kisanduku hicho kilipasuliwa katikati na mstari wa wima, kikawa herufi ya "gari". Nikaandika "gari" kila usiku kwa miezi minne. Mstari ule niliupenda, nikawa naushusha kwa pumzi moja. Kazi ikatundikwa kwenye maonyesho ya darasa. Mzee aliyetufundisha hakusema neno. Alileta nakala kongwe, akaishika kando ya kazi yangu, akaweka kidole kwenye qian. Jua lilikuwa zima. Mstari wangu ulikuwa jeraha la jiwe, na ndilo jeraha ambalo wajuzi hulitumia kupambanua nakala kongwe na za baadaye. Nililia ndani ya basi mpaka nikapitiliza kituo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba qian naijua tangu muhula wa kwanza. Ningeisoma ile sentensi mara moja tu, mkono ungekataa. Basi someni jiwe linasema nini kabla ya kulowesha brashi!

3. Mkia wa bata bukini, ule mstari wa lishu unaoishia kwa kupinda juu, ni mmoja kwa herufi. Wa pili ufute.

4. Zhuanshu, mwandiko uliotangulia lishu, msiiruke. Jiwe la Li Si, waziri wa enzi ya Qin, la mlima Taishan, la 219 KK, limebakiwa na herufi kama 10, lakini hizo zinatosha kukufundisha mstari usionenepa wala kukonda.

5. Mkifika Beilin, nendeni kwanza kwenye jiwe la Duobao la 752, kisha lile la Yan Qinli la 779. Mwandishi ni yuleyule, Yan Zhenqing. La kwanza limebana, limejipanga. La pili, la uzeeni, mistari imenenepa na herufi zinapumua. Nilisimama pale hadi mlinzi akaja kuniambia wanafunga.

Na wewe wa Jumamosi, ile nakala yenye jua zima iko droo ya pili. Nawa mikono kwanza.