Unaanza kusoma maputo ya kuendeshwa? Uliza umbo linashikwa na nini

Wewe unayeanza somo hili, nataka nikuepushe na kosa lililonila miezi. Nilikuwa nikiyapanga maputo yenye injini na usukani kwa ukubwa wake: dogo ni blimpu, kubwa ni zepelini. Sivyo. Uliza kwanza umbo linashikwa na nini.

Blimpu haina mifupa. Inatunishwa na msukumo wa gesi, na tumboni ina vifuko vya hewa vinavyojazwa hewa gesi inaposinyaa, au kupunguzwa hewa gesi inapotanuka. Gesi ikivuja sana, yote inalegea.

Aina ya kati huongezewa mkuku, kama wa jahazi, ila ngozi bado inategemea gesi kutuna. Ndivyo ilivyokuwa Norge, iliyowapitisha mpelelezi Amundsen na rubani wake Nobile juu ya Ncha ya Kaskazini Mei 1926.

Zepelini za zamani zilikuwa na mkuku na mataruma (mbavu) kamili ya madini mepesi, kitambaa juu, na gesi katika mifuko mbalimbali ndani. Mfuko mmoja ukipasuka, umbo linabaki. Ndiyo maana zepelini Hindenburg iliweza kuwa na urefu wa mita 245, pua hadi mkia. Lakini jina lisikudanganye: Zeppelin NT ya leo ina kiunzi ndani, ila ngozi yake hutunishwa na msukumo, kwa hiyo iweke kundi la kati. Hapo nilikosa alama.

Somo lilinikaa kichwani niliposoma habari za L59, zepelini ya vita ya Wajerumani. Novemba 1917 Wajerumani waliituma kutoka Jamboli, Bulgaria, iwapelekee vifaa askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia huku kwetu Afrika Mashariki. Haikutarajiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema, kiunzi kingetumika kwa ujenzi. Blimpu isingewaachia mifupa hiyo!

Ilifika Sudan, ikaitwa kwa redio irudi, ikatua Jamboli baada ya saa 95 hivi angani. Njiani, joto la jangwa mchana liliitanua gesi, nyingine ikatoka. Usiku wa baridi chombo kikawa kizito, kikashuka hadi karibu kigonge ardhi, wakalazimika kutupa mizigo. Kiunzi chote kile hakikusaidia kitu, maana kazi yake ni kushika umbo, si kuelea. Ukiulizwa kwa nini puto limeshuka, anza na gesi na joto, hata kama lina mataruma kumi na mawili.