Dawa ya injini ya chupa ndogo: uiweke kwenye oili ya pikipiki?

Mkuu, umeuliza kama umimine ile chupa ndogo ya dawa ya injini kwenye pikipiki yako ya mizigo, kwa sababu muuza spea amekuhakikishia itapunguza msuguano na injini haitalika. Mimi ni fundi, pikipiki ndizo zinazonilisha miaka yote hii. Usiweke. Na sikatai kwamba dawa hiyo inapunguza msuguano. Inapunguza kweli, na balaa linaanzia hapohapo.

Injini ikishakolea mwendo, kombo shafti, ile inayozungushwa na pistoni, haigusi beringi zake. Mzunguko wenyewe unaivuta oili katikati na shafti inaelea juu yake. Kazi hapo ni ya uzito wa oili tu, yaani ugumu wake wa kutiririka. Shida ni asubuhi unapopiga kiki oili yote ikiwa imeshuka chini, na pale kamshafti, shafti inayofungua valvu, inapoikandamiza roka, kile kimkono kinachosukuma valvu. Mguso ni mdogo, mgandamizo ni mkubwa, oili inakamuliwa na chuma kinakutana na chuma. Hata king'arishwe vipi, kwenye hadubini chuma kina vilima na mabonde. Vilele vinagongana, vinashikana kwa joto, vinang'oana. Ukifungua hedi, kile kichwa cha injini, na kupitisha kucha kwenye pua ya kamshafti iliyolika, kucha inakwama kwenye mifereji.

Kuzuia hilo, watengenezaji wa oili hutia molekuli za ukoo wa sabuni: kichwa kinachopenda chuma na mkia mrefu unaopenda mafuta. Vichwa hung'ang'ania chuma, mikia husimama imesongamana kama mpunga shambani. Pande zote mbili zikishavaa hivyo, kinachoteleza ni mikia juu ya mikia, na unene wa vazi lenyewe ni kama nanomita 2 tu, yaani milimita moja ikigawanywa mara milioni, uchukue sehemu mbili. Huko Uingereza, William Hardy na Ida Doubleday walichapisha vipimo mwaka 1922 vikionyesha kwamba mkia ukirefuka, msuguano unashuka. Mafuta ya nyonyo yana molekuli za aina hiyo kwa asili, ndiyo maana yalitumika kwenye injini za ndege za Vita Kuu ya Kwanza, na jina la Castrol limetokana na jina la Kiingereza la mafuta hayohayo.

Sasa shika hili, maana wauzaji wengi wanalichanganya: kupunguza msuguano na kuzuia kulika ni mambo mawili. Mlinzi mkuu dhidi ya kulika ni ile tunayoiita zinki, yaani ZDDP, mchanganyiko wa zinki, fosforasi na salfa. Miaka ya 1940 ilitiwa kwenye oili ili isiharibike haraka na beringi zisiliwe na kutu. Baadaye ndipo ikaonekana inalinda chuma kisilike. Yenyewe haiishii kujibandika. Kwa joto na msuguano inavunjika na kujenga utando mgumu wa fosfati, mnene mara nyingi kuliko lile vazi la mikia. Na utando huo haupunguzi msuguano, wakati mwingine hata unauongeza kidogo. Lakini kinacholika ni utando, chuma kinabaki salama.

Zinki, sabuni za kusafisha masizi, vipunguza msuguano, vyote vinagombania nafasi ileile juu ya chuma. Kiwanda kimeshapima nani apate kiasi gani. Ukimimina dawa ambayo hujui ndani yake mna nini, unaweza kuifukuza zinki mahali pake. Zenye klorini ni mbaya zaidi, maana zikikutana na unyevu wa ndani ya injini zinaweza kutoa asidi inayokula chuma.

Juu ya yote hayo kuna klachi. Kwenye gari klachi iko kavu, nje ya oili. Kwenye pikipiki yako imezama ndani ya oili ileile ya injini na gia, na klachi huishi kwa msuguano. Zile molekuli hazijui hii ni kamshafti na hii ni pleti ya klachi, zinakaa popote. Matokeo yake unapanda mlima na mzigo, unafungua mafuta, injini inalia lakini mwendo hauongezeki. Ukifungua klachi iliyoteleza muda mrefu unakuta pleti za msuguano zina mng'ao kama kioo, za chuma zimeingia rangi ya bluu kwa joto, na oili inanuka kuungua.

Wajapani waliweka viwango kwa sababu hiyo. Geuza galoni utafute JASO MA au MA2, hizo ndizo za klachi yako. MB ina msuguano mdogo, ni ya skuta zenye klachi kavu. Oili ya gari yenye maneno Energy Conserving au Resource Conserving kwenye duara la API, alama ya taasisi ya mafuta ya Marekani, iache dukani, hata kama ni ya bei ghali.

Kama ulishamimina, mwaga oili yote ikiwa ya moto, weka MA2, tembea siku chache bila mzigo mzito, kisha mwaga tena. Halafu ijaribu barabarani: gia ya juu, mwendo wa wastani, fungua mafuta ghafla. Ikivuta, pleti zimepona. Mlio ukipanda peke yake, kwanza hakikisha kebo ya klachi ina uchezo wake, yaani ulegevu kidogo, na kama kebo iko sawa basi nunua pleti mpya pamoja na springi zake.