Arch Manning na watangazaji

Kaka, unaposema watangazaji wa TV ndio waliomharibia Arch Manning, kwotabeki (mrusha pasi) wa chuo cha Texas kwenye futiboli ya Marekani, nakuunga mkono nusu tu. Sawa, wamemkuza mno. Babu Archie, ba'mdogo Peyton, ba'mdogo Eli, wote makwotabeki wa zamani: ukoo mzima unasomwa kama harusini kabla kijana hajashika mpira. Mtoto kakaa benchi misimu miwili nyuma ya Quinn Ewers, kwotabeki aliyemtangulia, kaanza mechi mbili tu mwaka 2024, halafu anatangazwa kama mfalme!

Lakini ile Agosti 30, 2025 kule Columbus, aliyemkaba si mtangazaji, ni ukuta wa Ohio State. Texas wameingia wakiwa namba 1 nchini, wametoka wamelala 14-7. Pasi 17 kati ya 30, yadi 170, moja ikanaswa. Nami sikumbuki sana hizo takwimu, nakumbuka lile jaribio la nne, yaani la mwisho kabla ya kupoteza mpira, robo ya tatu, imebaki yadi moja kuingia kufunga. Akajipenyeza mwenyewe katikati, wale mabonge wakamzuia palepale, rundo la watu, hakuna kitu. Hapo jina la babu halisukumi mtu.

Kinachoniudhi mimi ni kingine: kwotabeki wa upande wa pili, Julian Sayin, alikuwa mchanga kuliko hata Manning, ndiyo mechi yake ya kwanza kuanza, na ndiye aliyeshinda. Watu wangapi hapa mnamzungumzia? Mimi siku hizi nazima sauti, naangalia mpira.