Shangazi, kuna mtu mzima anaongea na mwanangu kwenye gemu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar. Kijana wangu ana miaka 10, anacheza Free Fire kwenye simu yangu nikirudi kazini, na mi nilikuwa naona bora yuko ndani kuliko kuzurura. Juzi saa nne usiku napita mlangoni kwake nkasikia anacheka na mtu, nkajua mdogo wake, kumbe mdogo wake kalala fofofo. Nkachukua hedifoni nkaweka sikioni, nasikia sauti ya mwanaume mzima kabisa, "dogo nitumie namba ya maza nkupe daimondi". Mwili uliisha nguvu. Nkampokonya simu, nkamchapa, na gemu nkaifuta. Leo siku ya tano haongei na mimi, na baba yake anasema nimekuza mambo, ule ni mchezo tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kukuza mambo hujakuza, baba watoto mwambie hivyo hivyo. Ulipokosea ni kwenye fimbo, maana sa hivi mtoto kashajifunza kwamba mama akijua anachapwa, basi kesho yule mtu akimwambia "usimwambie maza" atamuelewa haraka sana.

Gemu yenyewe iko hivi. Watu hadi 50 wanashushwa kisiwani wanapigana, na unaweza kuingia na kikosi cha watu wanne mnaoongea kwa maiki. Mtoto akikubali kupangwa na asiowajua, anayemsikia ni yeyote yule. Wengi ni vijana tu wanataka kushinda, lakini mwenye nia mbaya hapo kazi imekuwa rahisi, mtoto akidunguliwa anamfufua, anamsifia, anamwita mdogo wangu, alafu anaahidi daimondi, yaani hela ya ndani ya gemu, ambazo zinanunuliwa kwa hela ya kweli na mtoto hela hana. Baada ya hapo ni "tuhamie WhatsApp", na huko hakuna kikosi tena, wako wawili tu. Ataomba picha, au atamwambia amsomee zile namba zilizoingia kwa meseji kwenye simu ya mama, na hizo ndo funguo za akaunti zako.

Kwa hiyo leo usianze na gemu. Mpikie anachopenda, kaa naye, mwambie "nilikuchapa kwa hofu, nisamehe, hujafanya kosa kuongea". Najua wengi wetu hatukulelewa kwa kuombwa msamaha na mzazi ila we mwombe tu. Alafu uliza polepole, aliwahi kuomba picha? anajua unasoma shule gani? alisema mkutane? Akinyamaza usimkamue, rudi kesho.

Gemu uliyofuta irudishe, ndio, irudishe, kama akaunti yake iliunganishwa na Google au Facebook itakuwepo bado. Mtafuteni huyo mtu pamoja, piga picha ya skrini jina lake na meseji zote, ndo umripoti na kumbloku. Kama aliomba picha za mwili au kukutana, hizo picha za skrini peleka Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na unaweza kupiga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure (Kenya pia namba ni hiyo hiyo).

Kisha setingi. Zima sauti ya kikosi ndani ya gemu. Kwenye Play Store weka iombe pasiwedi kila ununuzi. Siku mtoto akiwa na simu yake mwenyewe, Family Link ya Google ni bure, unapanga dakika za kucheza na saa ya simu kujifunga, na hapakui kitu mpaka ukubali. Na namba yako ya siri ya hela badilisha, maana nina uhakika huyo mtoto ndo anakununulia luku na anaijua kuliko wewe!

Simu ichezwe sebuleni, bila hedifoni. Hata ukiwa unakatakata mboga utasikia.

SWALI: Shangazi salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Wanangu wako likizo, PS (PlayStation) kutwa, na ile mashine inachemka mpaka inajizima. Pia sijui CD gani ni za watoto. Baba wa watatu.

JIBU: Salama baba. Angalia kwanza juu ya hiyo PS, naomba isiwe imefunikwa kitambaa cha kufuma kama tunavyofunika kila kitu sebuleni. Matundu yake ndo pua yake, kitoe, isogeze mbali na ukuta, na ekstensheni yake isichangiwe na pasi wala birika, plagi ukigusa ikawa ya moto zima pale pale.

Kuhusu CD, geuza kasha. Zile za soko la Ulaya zina namba ya PEGI, yaani 3, 7, 12, 16 au 18, na huo ni umri, sio ugumu wa gemu. Ile ya mpira ya EA FC ina 3. GTA V ina 18, na nimeikuta kwenye nyumba za watoto wa darasa la tatu, wazazi wanadhani ni ya kuendesha magari. Hiyo itoe leo wakiwa wamelala, na kesho asubuhi uwaambie sababu.