Wasifu wa nyanya aliyelisha msitu

Msomaji mmoja wa kutoka Nyeri ameniandikia. Nyanyake amefariki, mazishi ni wiki ijayo, naye ndiye aliyepewa kazi ya wasifu. Marehemu alipeleka chakula msituni siku za Mau Mau, wapiganaji waliomkabili mkoloni Mwingereza. Aanzie wapi?

Hata mimi niliandika wa nyanya yangu, na ulikuwa mzuri, waliousoma wanajua. Nilieleza alivyohamishiwa kwa nguvu kijiji cha dharura, kile cha kuwatenga watu na wapiganaji, mwaka 1954, pamoja na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, kijiji chenye handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa. Wanawake ndio waliolazimishwa kulichimba. Nilieleza alivyoficha risasi chini ya viazi kwenye kiondo, akawapita mahomugadi, wale walinzi wenyeji wa serikali ya mkoloni, mtoto akilia mgongoni. Kamati ya mazishi ikayafuta yote. Yaliyosomwa: alizaliwa, akaolewa, akaokoka, alikuwa mpole. (Mpole! Nyanya yangu!) Muda wetu akapewa mheshimiwa. Babake mwenyekiti wa kamati alikuwa homugadi, jumlisha mwenyewe. Mpaka leo tukikutana sokoni twaishia kwenye salamu.

Sasa nisikilize, ndugu yangu. Usiandike "alipigania uhuru" ukanyamaza. Alibeba nini? Alipita njia gani? Mtazame Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha juu kabisa, cha Field Marshal, katika jeshi la msituni. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alimwita Thonjo, yule ndege fundi wa kusuka kiota, na nywele alizozifuga tangu msituni hazikunyolewa hadi 2022, mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Hayo ndiyo mambo ya kuandika.

Waulize wenzake waliobaki, leo hii, kabla ya mambo ya hema na sufuria. Uliza majina ya mito, ya vijiji, ya waliokula kiapo naye. Wengine watasita. Usiwalaumu: Mau Mau lilibaki kundi haramu kisheria hadi 2003, miaka arobaini baada ya bendera kupandishwa, na mama zetu walijifunza kufunga midomo. Lakini wewe uliyesomeshwa kwa jasho lao unaogopa nani? Uliza tena.

Na kamati ikikukatia, chapisha nakala zako mwenyewe, uzigawe langoni kabla mheshimiwa hajafika.